Gari la Amri Namba 217

Jina la nchi yetu sitalitaja, maana kulitaja kwa maandishi kunahitaji kibali, na afisa anayetoa vibali yuko safarini tangu mwaka juzi. Mimi ni karani wa Idara ya Ushujaa. Kazi yangu ni kubeba mihuri na kunakili yanayosemwa. Maoni sina, niliyakabidhi siku niliyoajiriwa, nikapewa stakabadhi.

Habari za Sajini mstaafu Kilumile na gari lake ninazijua kwa sababu nilikuwepo. Nitazieleza kama zilivyotokea.

Kilumile alikuwa fundi na dereva jeshini. Alipostaafu alirudi na mkewe, Semeni, katika mji mdogo wa Mahembwe, akaanza shughuli ambayo majirani waliiona ya kichaa: kutafuta magari na redio za jeshi zilizotupwa, kuzileta uani kwake na kuzifufua. Hazikuwa rahisi kupatikana. Vita vya Mto Lusemba vilipokwisha, waziri mmoja aliyauza magari yote ya jeshi kwa kiwanda cha sufuria, na kiwanda kilikuwa chake. Kwa hiyo wananchi wengi wanapikia maharage kwenye magari yaliyowakomboa, jambo ambalo serikali imelieleza kuwa ni kugawana matunda ya ushindi.

Lakini gari moja lilisalimika. Kilumile alilikuta nyuma ya tanuri la matofali, halina magurudumu, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Lilikuwa gari dogo la amri, lile ambalo kamanda hukaa nyuma na redio ya upepo. Alilifanyia kazi miaka kumi na mmoja. Bushi za magurudumu alizichonga kwa mkono. Boneti aliikuta shuleni, imegeuzwa mlango wa choo cha walimu, akawatengenezea walimu mlango mwingine wa mbao ndipo akapewa. Redio ndiyo iliyomtesa zaidi. Ilitaka taa nne za kioo za ndani, zile ndogo zinazowaka rangi ya chungwa. Tatu alizipata kwa mafundi wazee. Ya nne aliikuta kwa mganga mmoja, aliyekuwa akiitumia kuwatazamia watu wezi wao.

Semeni alikaa naye uani jioni, akipiga msasa mlango wa gari huku uji ukichemka. Alimwona mumewe akiinamia redio ile mpaka machozi yanamtoka.

"Gari limeshatembea," alimwambia siku moja. "Redio ya nini tena?"

"Gari la amri bila redio ni kibanda tu," Kilumile alijibu, akaendelea kuinama.

Hapa lazima nieleze Siku ya Ushindi, kwa sababu wageni hushindwa kuielewa. Miaka thelathini iliyopita tulipigana na jirani zetu kwenye Mto Lusemba. Historia rasmi, ambayo nimeinakili mara nyingi, inasema kwamba Mtukufu Kiongozi, wakati huo akiwa kapteni, aliuvuka mto kwa gari lake huku risasi zikinyesha, akamfukuza adui peke yake. Alikuwa peke yake kwa kuwa vijana arobaini na mmoja wa kombania ya pili walitoroka. Kwa hiyo kila mwaka, baada ya wimbo wa taifa, majina ya watoro arobaini na mmoja husomwa kwenye vipaza sauti, na wananchi huzomea kwa dakika mbili. Ndugu wa watoro hupangwa mstari wa mbele ili uzomeaji wao ukaguliwe vizuri. Anayezomea kwa uvivu hurudia peke yake, watu wakimtazama.

Koplo Seleka, fundi mitambo wa redio, ni jina la kumi na saba katika orodha hiyo. Alikuwa mdogo wake Semeni, tumbo moja. Semeni alikuwa ameshamzomea mara ishirini na tisa. Mimi mwenyewe nilimkagua mara sita, na kila mara niliandika "wastani".

*

Jubilei ya miaka thelathini ilipokaribia, Idara iliamriwa kulileta gari la ushindi uwanjani. Tulifungua jalada, tukakuta limeandikwa kuwa gari limehifadhiwa kwa heshima, mahali: majikoni. Ndipo mtu akasema kuna mzee Mahembwe mwenye gari la aina hiyo. Tukaenda watu kumi na wanne kwa magari saba kutazama gari moja.

Msafara uliongozwa na Mkurugenzi wetu, Dakta Lubango. Udaktari wake ni wa heshima. Alitunukiwa na chuo ambacho yeye ndiye mwenyekiti wake, na hotuba ya kumsifu aliiandika mwenyewe ili kuwapunguzia wengine kazi. Aliinama ubavuni mwa gari, akasoma namba 217, akavua kofia.

"Mzee Kilumile," alisema, "taifa limekuja kuchukua gari lake."

"Karibuni," Kilumile alisema. "Na lilipokuwa banda la kuku, taifa lilikuwa wapi?"

"Lilikuwa linajipanga." Dakta akageukia wapiga picha. "Hili ndilo gari lililovuka Mto Lusemba."

"Halikuvuka, mheshimiwa. Mimi ndiye niliyekuwa dereva wake."

"Basi lilivuka wewe ukiwa umesinzia."

"Mto ule unamzamisha twiga."

Dakta Lubango hakukasirika. Alinigeukia kwa upole. "Karani, andika: mto una kina cha magoti."

Nikaandika, nikapiga muhuri. Wiki iliyofuata Wizara ya Maji ililiondoa daraja la miguu la Lusemba, kwa kuwa mto wa magotini hauhitaji daraja. Tangu hapo wamezama wanakijiji watatu, kila mmoja kwenye maji ya magoti. Maiti ya mmoja ilipatikana baada ya siku nne. Vyeti vyao vya kifo vinasema walikufa kwa uzembe wa kukaa chini.

Semeni alisimama mlangoni mwa jiko akisikiliza. Aliuliza swali moja tu.

"Kama gari halikuvuka, nani alivuka?"

Kilumile alifungua boneti, akaingiza kichwa chake ndani kana kwamba hakusikia.

*

Gari lilikutwa na kasoro. Lilikuwa na matundu saba ya risasi, na yote yalikuwa kwenye mlango wa nyuma. Kamati Ndogo ya Matundu ilikaa siku tatu, ikala ng'ombe mmoja, ikaamua kwamba matundu yalihama yenyewe katika miaka ile ya kukaa vibaya, na kwamba yarudishwe mbele yalikokuwa.

"Siyagusi," Kilumile alisema. "Nimepaka rangi gari lote nikayaacha hayo kwa makusudi."

"Hujaombwa kuyagusa," Dakta Lubango alimjibu.

Wakaletwa askari wawili, wakasimama mita ishirini, wakalipiga gari risasi saba usoni mchana kweupe, uani kwa watu. Tatu ziliingia kwenye rejeta ambayo Kilumile aliiziba kwa mkono mwaka mzima. Moja ilipita, ikatoboa pipa la maji la Semeni. Matundu ya nyuma yalizibwa kwa puti ya mafundi rangi na kupakwa rangi isiyofanana. Mzee alikaa juu ya tofali akitazama maji ya rejeta yakichuruzika. Mimi niliandika kuwa mwenye gari alifurahi hadi akakosa la kusema.

Siku ya pili Dakta alikaa kwenye kiti cha dereva, akauliza kila fimbo ni ya nini. Alipoambiwa hii ni gia ya rivasi, alitoa mkono haraka.

"Gari la ushindi lina gia ya kurudi nyuma?"

"Kila gari linayo," Kilumile alisema.

"Karani."

Nikabandika karatasi pale: IMEFUTWA KWA AMRI. Fundi wa Idara akafuata na mtalimbo, akaipinda mpaka isiingie tena.

Kilichobaki ni redio. Mtukufu Kiongozi alitaka aketi nyuma ya gari, katikati ya uwanja, ayarudie kwenye redio ile ile maneno yake mashuhuri: "Tumevuka, taifa lisonge." Vipaza sauti vya uwanja na vya nchi nzima viliunganishwa na redio hiyo, na hakuna fundi wa Idara aliyeweza kuiwasha. Mmoja aliiunguza kidogo. Kwa hiyo tulirudi kwa Kilumile, safari hii kwa adabu.

"Nitaiwasha na nitaliendesha gari mwenyewe," alisema. "Nina ombi moja. Mke wangu asizomee mwaka huu."

Dakta Lubango alifikiri sana. Kwa kweli alihuzunika, nilimwona. Alieleza kwamba kuna fomu ya kuomba kuzomea zaidi, kuna fomu ya kuzomea kwa niaba ya mgonjwa, lakini fomu ya kutozomea haijatungwa. Hata hivyo, kwa mamlaka aliyopewa, angempunguzia mama huyo dakika moja.

"Dakika moja," Kilumile alisema.

"Azomee ile ya kwanza, ile ya pili apumzike. Hata kiti atapewa."

Semeni alikuwa anafua pale pale karibu. Aliikamua nguo aliyokuwa nayo, akaianika, akaja akasimama mbele ya Mkurugenzi na mapovu mkononi.

"Nitazomea zote mbili," alisema. "Nikishaanza kupunguziwa mtaanza kunidai shukrani."

Kilumile alimtazama mkewe kwa muda mrefu. Kisha akaichukua bisibisi yake na kwenda kwenye redio.

*

Siku ya Jubilei uwanja ulijaa tangu saa mbili asubuhi, kwa kuwa milango ilifungwa kwa nje. Gari namba 217 liliingia likiwa limepambwa maua. Kilumile alivaa sare yake ya zamani, imembana tumboni. Nyuma yake aliketi Mtukufu Kiongozi. Dakta Lubango alikimbia kando ya gari akishika kitasa cha mlango, ingawa ulikuwa umefungwa sawasawa. Ndugu wa watoro walikuwa mstari wa mbele, Semeni akiwa wa kumi na saba kutoka kushoto. Mimi nilisimama mbele yao na fomu za ukaguzi.

Gari lilisimama katikati. Taa za redio zikawaka rangi ya chungwa. Mtukufu akashika kipaza sauti, akasema, "Tumevuka, taifa lisonge," na nchi nzima ikapiga makofi kwa dakika sita kama ratiba ilivyoagiza. Akakirudisha kipaza sauti mahali pake. Dakta akampungia dereva mkono aondoe gari.

Kilumile hakuondoa gari. Aliinua kile kipaza sauti.

"Naitwa Sajini Kilumile," alisema, na sauti yake ikatoka kwenye kila nguzo uwanjani. "Nilikuwa dereva wa gari hili. Sisi hatukuvuka. Walioanza kuvuka ni kombania ya pili, kwa mashua mbili, na mashua zikapigwa mizinga zikazama. Wakaomba nyingine kwa redio hii. Mashua zilikuwepo, nne, zimefungwa nyuma yetu. Kapteni akaniambia, zima, geuza. Nikazima. Nikageuza. Ndiyo maana matundu yalikuwa nyuma. Hakuna aliyetoroka siku ile isipokuwa sisi tuliokuwa humu ndani."

Mtukufu Kiongozi aliinama mbele, akamshika bega. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemwagiza mpishi, na kipaza sauti kikalibeba neno lake hadi mipakani.

"Zima."

Kilumile aliendelea kuushikilia mkono wa kipaza sauti. "Wanaitwa watoro," alisema. "Wamelala mtoni."

Shirika la umeme likapata amri, likazima umeme wa mkoa mzima. Hospitali tatu zikawa gizani, na daktari mmoja alimaliza upasuaji kwa tochi. Lakini redio ile ilikuwa na betri yake, na vipaza sauti vya uwanja, ambavyo Idara yenyewe iliviwekea jenereta ili hotuba isikatike, havikuzimika. Ilibidi askari wanne wavunje kioo cha gari ndipo wakamtoa mzee.

Msoma majina hakuwa ameambiwa kitu. Ratiba ilikuwa mkononi mwake, akaanza kusoma la kwanza, la pili, la tatu. Hakuna aliyezomea. Nilipita mbele ya mstari na fomu yangu, nikifungua na kufunga kalamu. Semeni hakuwa analia. Alikuwa anaangalia lile gari, na uso wake ulikuwa wa hasira ambayo sijawahi kuiona kwa mtu, na haikuwa imeelekezwa kwa Mtukufu peke yake.

*

Idara ilitoa maelezo siku hiyo hiyo. Ilisema redio ni kuukuu, na kwa ukuukuu wake ilinasa sauti za adui zilizobaki hewani tangu wakati wa vita. Redio ikashtakiwa, ikakutwa na hatia, ikanyang'anywa betri. Gari likavuliwa cheo na kupondwa na tingatinga mbele ya mwenyewe. Kilumile alitazama mpaka mwisho, akauliza tu kama taa ya nne ya kioo ingeweza kurudishwa kwa yule mganga. Haikuwezekana. Alifungwa miaka kumi na miwili kwa kosa la kulirudisha taifa nyuma. Dakta Lubango alipandishwa cheo, kwa kuwa makofi yalifika dakika sita kamili.

Semeni hakwenda gerezani miezi mitatu. Alipokwenda, nilitumwa nikae kati yao ninakili. Walikaa pande mbili za meza. Aliweka kikapu chini, hakusalimu.

"Miaka ishirini na tisa," alisema. "Nimesimama pale nikimzomea mdogo wangu, na wewe umesimama kando yangu unajua."

"Ndiyo," Kilumile alisema.

"Tukirudi nyumbani unaniomba uji."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mwanzoni niliwaogopa wao. Baadaye nikakuogopa wewe." Aliisugua mikono yake, ambayo bado ilikuwa na weusi wa grisi kwenye kucha. "Nilidhani nikiifufua ile redio, siku moja nitapata ujasiri wa kusema."

"Ujasiri ulikuja kwa kuwaambia wao kwanza. Mimi nikasikia pamoja na wauza karanga."

Askari magereza alitazama saa yake.

"Seleka alisema nini?" Semeni aliuliza.

"Alisema, shemeji, najua ni wewe, naisikia injini. Alisema wamesimama kwenye kisiwa cha mchanga katikati ya mto na maji yanapanda. Mwambie kapteni sote tupo, hakuna aliyekimbia. Akaanza kutaja majina, ili yaandikwe."

"Akafika wapi?"

"La tisa."

"Ndipo ukazima."

"Ndipo nikazima."

Semeni alifumba macho. Nilidhani anaondoka. "Yataje," alisema.

"Ndalahwa," Kilumile alisema. "Kisiri. Lugendo. Sangawe. Bahame." Fomu ya mazungumzo ya wafungwa ina mistari mitano tu. Niliigeuza nyuma. "Tuntufye. Mwiru. Kasuka. Halafu yule mdogo wao, Mapunde."

Semeni alimfanya ayarudie mara mbili, mpaka midomo yake ikawa inatembea pamoja na ya mumewe. Kisha akasimama. Kikapu alikiacha: viazi, sabuni na fulana ya baridi. Hakusema kwaheri wala hakusema atarudi.

Kesho yake nilipewa amri ya kumfuata, niandike kila anakoingia na kila anachosema. Alitembea bila kugeuka, na mimi nyuma yake na mkoba wa mihuri, hadi nyumba ya mwisho ya barabara ya soko la mkaa. Mama mmoja mzee alikuwa kibarazani akichambua mchele karibu kabisa na macho.

"Nani?" mama aliuliza.

"Ni Semeni, mama. Dada yake Seleka."

"Siku ya kuzomea bado."

"Sijaja kwa hilo. Nimekuja kukwambia kuwa mwanao Ndalahwa alikuwepo. Hakukimbia. Walipokuwa mtoni, jina lake ndilo lililotajwa la kwanza."

Ungo ulitulia magotini kwake. Vidole vyake vilibaki ndani ya mchele. "Nani alilitaja?"

"Mdogo wangu."

"Na hakuna aliyeliandika," mama alisema.

Semeni aligeuka, akanitazama mara ya kwanza tangu tulipoanza kutembea. "Limeandikwa. Huyu ni karani wa Idara. Analo kwenye mkoba."

Mama mzee alisogeza ungo pembeni, akaufungua mlango wake.

"Basi aingie," alisema. "Aje anisomee."

Nikavua viatu, nikaingia, nikasoma.